Maswali ya Wasomaji: Kanzu Nyeupe, Kuvu ya Kabatini na Kamera Iitwayo Kiss

Mwezi huu barua nyingi zilizotufikia zinahusu kamera za DSLR, yaani zile kamera za dijitali zenye kioo ndani na lenzi inayoweza kubadilishwa. Tumechagua tano. Kabla ya kuzijibu, ni vyema msomaji akumbuke jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana nusu ya majibu imejificha humo: mwanga huingia kwa lenzi, hugonga kioo kilicholazwa mshazari, hupandishwa hadi kwenye kitazamio unapoweka jicho, ukibonyeza kitufe, kioo huinuka, pazia dogo liitwalo shata hufunguka kwa muda mfupi sana, na mwanga hufika kwenye kihisi, yaani bamba la kielektroniki linalonasa picha, kilichoko nyuma yake.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimenunua kamera yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Mwezi wa Desemba nitapiga picha katika kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ya mdogo wangu huko Masaka. Nilijaribu kwenye sherehe ya jirani: nyuso za wanaume waliovaa kanzu zilitoka nyeusi kabisa, na picha za chini ya hema zilikuwa kama zimetikisika. Nianzie wapi, na je, ni lazima nitafute lenzi nyingine? — Mwalimu wa kike, Kasese.*

Mwalimu, kamera yako si mbovu, nawe hukukosea sana. Kipimamwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu ni nini. Kimeundwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina rangi ya kijivu cha wastani kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga. Kikiona kanzu nyeupe tano zimejipanga kwenye jua, hudhani mwanga umezidi na hupunguza. Kanzu hugeuka kijivu, na uso wa Mwafrika aliyeivaa huzama gizani. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kiongeze hadi 1, jambo linaloongeza mwanga maradufu, kisha tazama uso kwenye skrini, usitazame kanzu. Wakati mwingine utahitaji kuongeza zaidi kidogo. Wanaume hao hao wakivua kanzu na kusimama kwa makoti meusi mbele ya ukuta wa kivuli, kamera itafanya kosa la upande wa pili, nawe utapunguza. Kwa maoni yangu, anayeanza akijifunza kitufe hiki kimoja katika wiki ya kwanza atakuwa amewatangulia wengi wanaojiita mafundi na bado wanategemea kusahihisha kila kitu kwenye kompyuta.

Picha zilizotikisika zina sababu nyingine. Chini ya hema mwanga ni mdogo kuliko macho yetu yanavyodhani, kwa hiyo kamera huiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo mkono wako hutikisika au bibi arusi hugeuza kichwa. Kanuni ya wazee wa kazi hii ni kwamba kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa lenzi. Na kwa kuwa kihisi cha kamera kama yako ni kidogo kuliko filamu ya zamani ya milimita 35, unazidisha urefu huo kwa 1.5 au 1.6. Ukivuta lenzi hadi milimita 55, basi, usishuke chini ya sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Hiyo ni kwa watu waliotulia. Wachezaji wa ngoma wanataka angalau sehemu 1 ya 250, na miguu yao itataka zaidi.

Mwanga wa kulipia kasi hiyo utaupata mahali pawili. Mahali pa kwanza ni ISO, ambayo huongeza nguvu ya ishara inayotoka kwenye kihisi. Usiogope kuipandisha hadi 1600 au 3200: picha yenye chembechembe kidogo itawekwa kwenye albamu, lakini iliyotikisika itafutwa. Mahali pa pili ni tundu la lenzi. Hapa ndipo namba huwachanganya watu, kwa sababu namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Lenzi yako ikivutwa hadi mwisho haiwezi kufungua kupita f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko karibu lenzi zote za Canon na Nikon, hupitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Si lazima uinunue kabla ya Desemba, lakini kama fedha zipo, hiyo ndiyo ya kwanza kununua, wala si ile ndefu inayovutia macho dukani. Zoea tu kurudi nyuma, kwa sababu kwenye kamera yako itaonekana ndefu kama lenzi ya milimita 75 au 80.

Weka gurudumu la juu kwenye A, au Av ikiwa kamera ni Canon, ili wewe uchague tundu na kamera ichague kasi. Chagua nukta moja ya kulenga na uiweke juu ya jicho lililo karibu nawe. Bonyeza kitufe nusu, subiri mlio, kisha umalizie. Rekodi faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata, pamoja na JPEG, hasa kwa ajili ya mahema: hema la bluu au la kijani hupaka kila uso rangi yake, na katika RAW rangi hiyo huondolewa bila kuiharibu picha.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa unaishi jirani na ikweta. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, nao husifu saa nzima au zaidi ya mwanga laini baada ya jua kuchomoza. Kwetu jua halipandi mshazari. Hupanda karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kila saa, na mwanga ule wa dhahabu hupita upesi. Ukitaka picha nzuri za wenye nyumba kabla ya wageni kufika, uwe uani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa sita jua liko utosini, macho ya kila mtu yamejaa vivuli, na hapo heri kuwahamishia watu chini ya mwembe.

*Mhariri, mwanangu alinitumia kamera kutoka ng'ambo miaka miwili iliyopita. Kwa kuwa ni kitu cha thamani, niliitunza kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi na nimeitoa mara tatu tu. Sasa nikiangalia lenzi kwenye mwanga naona nyuzi nyeupe ndani, mfano wa utando wa buibui. Nimepangusa mbele na nyuma lakini hazitoki. Mjukuu ananiambia niiweke ndani ya mchele. — Mwanajeshi mstaafu, Bombo.*

Afande, heshima yako. Nyuzi hizo ni kuvu, na samahani kusema kwamba kilichoileta ni utunzaji wenyewe. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, hata ndani ya lenzi mpya. Huota kwa urahisi zikipata mambo matatu kwa pamoja: unyevu unaodumu, giza, na hewa isiyotembea. Kabati lililofungwa wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na tena zile za Septemba hadi Novemba, linatoa yote matatu, na mfuko wa ngozi huongeza la nne, kwa sababu ngozi hunyonya maji na yenyewe ni chakula cha kuvu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 au 70 kwa majuma, kuvu huamka, hula mafuta ya vidole na vumbi, na hutoa asidi inayochimba utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Ndiyo maana kuvu ikiachwa sana, hata ikisafishwa, alama yake hubaki.

Mimi mwenyewe nilipoteza lenzi namna hiyo nilipokuwa nikiishi karibu na ziwa kule Entebbe, nikiamini kwamba sanduku lililofungwa vizuri ndilo salama. Kumbe nilifungia unyevu humo ndani.

La kufanya sasa ni hili. Itenge lenzi hiyo na vifaa vingine vya kamera, ipeleke kwa fundi mwenye zana za kuifungua, na muulize kwanza kama kuvu imeshika kioo cha juu au imeingia katikati, kwa kuwa gharama hutofautiana sana. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera mara nyingi huwa rahisi kuliko kazi ya kuifungua, na fundi mwaminifu atakuambia ununue nyingine. Usijaribu kuifungua wewe. Ukifanikiwa kuirudisha, itakuwa hailengi sawasawa. Wapo wanaoianika lenzi juani. Mwanga wa jua huzuia kuvu changa, hilo ni kweli, lakini hauondoi iliyokwisha kuota, na lenzi iliyoelekezwa juani ikiwa imefungwa kwenye kamera ni kioo cha kuwashia moto: inaweza kuunguza kilicho ndani.

Kuhusu mchele, mwambie mjukuu ausubirie chakula cha jioni. Unanyonya unyevu kidogo sana, na unga wake huingia kwenye kila ufa.

Badala yake nunua ndoo au bakuli la plastiki lenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, na mifuko ya silika, zile chembechembe zinazokuja ndani ya masanduku ya viatu na redio, lakini kubwa zaidi na zenye kubadilika rangi. Zile za rangi ya chungwa hugeuka kijani zikishiba maji. Za bluu hugeuka waridi. Zikishiba, zikaushe kwenye oveni kwa joto la nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa, kisha zitumie tena. Weka humo kipimo kidogo cha unyevu na ulenge asilimia 40 hadi 50. Chini sana ya hapo vilainishi na mipira ya lenzi hukauka. Mfuko wa ngozi usiingie kabisa.

Na zaidi ya yote, Afande, itumie. Itoe kila juma, piga picha za wajukuu, zungusha lenzi, iache mezani ipate hewa na mwanga wa mchana. Kamera nyingi ninazoziona zimekufa katika nchi hii hazikufa kazini, zimekufa kabatini.

*Umeme kwetu hukatika ovyo. Je, ni kweli kwamba betri mpya lazima ichajiwe saa nane na kuisha kabisa kabla ya kuchajiwa tena? — Msomaji, Arua.*

Hapana. Ushauri huo ulihusu betri za nikeli za zamani. Betri za lithiamu hazina kumbukumbu ya namna hiyo, na kuziacha zife kabisa mara kwa mara ndiko kunakozizeesha. Chaji wakati wowote umeme unapokuwapo, hata nusu saa. Ikiwa hutaitumia kwa miezi, iache ikiwa nusu, mahali penye ubaridi, nje ya kamera. Umeme ukikatika, chomoa chaja, kwa sababu unaporudi huweza kuja kwa kishindo. Na soma maandishi ya nyuma ya chaja uhakikishe inakubali volti 100 hadi 240. Beba betri mbili. Tumia kitazamio badala ya skrini, maana ukipiga picha kwa kutazama skrini kihisi huwa kinafanya kazi muda wote, na betri huisha mapema mno.

*Kazi yangu hunipeleka vijijini kwa pikipiki, na kiangazi vumbi ni jingi. Picha zangu za anga zina madoa ya kijivu mahali pale pale, na ndani ya kitazamio naona vipande vyeusi. Nilipuliza kwa mdomo, madoa yakaongezeka. — Msomaji, Moroto.*

Hayo ni magonjwa mawili, tuyatenge. Vipande unavyoviona kwenye kitazamio viko juu ya kioo au kwenye bamba la kulengea lililo juu yake, na haviingii kwenye picha hata kimoja. Viache. Bamba hilo ni la plastiki laini na hukwaruzika hata kwa kitambaa kizuri. Madoa ya angani ndiyo yako juu ya kihisi, au kwa usahihi zaidi, juu ya kioo chembamba kinachokifunika. Yaliyoongezeka ni mate yako, na mate yakikauka hushika kuliko vumbi.

Kwanza jua ukubwa wa tatizo: weka f/16, elekeza kamera kwenye anga tupu, ondoa fokasi (lenzi isilenge sawasawa), piga, kisha kuza picha. Ukifungua tundu hadi f/4 mengi yatatoweka, na kwa picha za watu huenda usihitaji kusafisha leo. Ukiamua kusafisha, chaji betri ijae, ingia chumba kisicho na upepo, kisha tafuta kwenye menyu amri ya kusafisha kihisi kwa mkono, ambayo huinua kioo na kufungua shata. Kama betri ingeisha wakati huo, shata ingejifunga juu ya chombo chako. Geuza mdomo wa kamera uangalie chini, na upulize kwa pampu ya mpira bila kuiingiza ndani. Usitumie kopo la hewa ya kubanwa, kwa kuwa huweza kurusha kimiminika cha baridi kali. Mate yaliyokauka yatahitaji vijiti maalumu vyenye upana wa kihisi chako na kimiminika chake. Kama mkono wako si mtulivu, mpe fundi.

Barabarani, badilisha lenzi kama unavyofunga kidonda: kila kitu tayari kabla ya kufunua. Zima kamera, upe upepo mgongo, mdomo wa kamera uangalie chini, lenzi ya pili iwe imelegezwa kifuniko. Afadhali zaidi, chagua lenzi moja asubuhi na urudi nayo jioni. Kwenye pikipiki kamera ikae kifuani pako ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, isikae kwenye kapu la nyuma, kwa sababu mtikisiko wa barabara mbovu hulegeza skurubu za lenzi. Na unapofika, pangusa mwili wa kamera kwa brashi kabla ya kuufungua mfuko wa lenzi. Kwenye kioo cha lenzi, pampu huja kwanza, brashi ya pili, kitambaa laini cha mwisho. Anayeanza na kitambaa husugua mchanga.

*Nimeonyeshwa kamera tatu zilizotumika. Moja imeandikwa Canon EOS 700D, nyingine EOS Kiss X7i, na muuzaji wa ile ya kwanza anasema Kiss ni bandia ya Kichina. Nyingine ni Nikon ambayo mwenyewe anasema imepiga picha chache. Nitajuaje? Na je, kamera za kioo zimepitwa na wakati? — Kijana, Busia.*

Mdogo wangu, muuzaji huyo ama hajui, ama anajua vizuri sana. Kiss X7i ni kamera ile ile ya 700D ya mwaka 2013. Canon huiita Kiss katika soko la Japani na Rebel T5i huko Marekani. Kama mwili ni mzima na menyu ina lugha unayoielewa, jina lisikusumbue. Jaribu lugha hiyo wewe mwenyewe kabla ya kulipa.

Idadi ya picha ni muhimu kwa sababu shata huchakaa. Kamera za daraja hilo hukadiriwa kufikia takribani picha 100,000. Usiamini namba ya faili, kwani hufika 9999 ikaanza upya, na mtu anaweza kuirudisha mwanzo. Kwa Nikon, piga picha moja ya JPEG, ihamishie kwenye kompyuta, na programu ya kusoma taarifa za picha itakuonyesha idadi halisi. Kwa Canon ya aina hiyo idadi haiandikwi ndani ya picha, kwa hiyo utahitaji programu inayozungumza na kamera kwa waya. Ikiwa ni Nikon ndogo kama D3500 au D5600, jua pia kwamba haina mota ya kulengea ndani ya mwili: lenzi za zamani za bei poa zilizoandikwa AF pekee zitakulazimu kulenga kwa mkono, hivyo tafuta zenye AF-S au AF-P.

Kuhusu kupitwa, viwanda vimehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Lakini hilo limeshusha bei ya zilizotumika, na picha ya harusi haiulizi kioo kilikuwapo. Ningekuwa na fedha zako ningenunua 700D au Kiss, yoyote iliyo nzima.

Nenda mchana. Tazama lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma, utafute nyuzi kama zile za Afande wetu wa Bombo. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, na nyingine kifuniko kikiwa kimefungwa, uone kama kuna nukta zinazong'aa. Ingiza kadi yako mwenyewe, washa flashi, piga picha 20 mfululizo, na usikilize shata kama inapiga kwa sauti moja. Linganisha namba iliyo chini ya kamera na ile ya sandukuni, na risiti iandikwe namba hiyo hiyo.